Maneno ya Picha ya Mwisho ya Trilok Bhalla

Nimestaafu mwezi uliopita, na nyinyi vijana mliobaki ofisini Wattaya, hapa Maskati, mmenishikilia niandike chochote kuhusu kazi yetu ya kutia tafsiri ya Kiarabu chini ya picha za Kihindi. Haya. Vyeo na mishahara sitaandika, kwanza kwa kuwa havikuwa vya kujisifia, pili kwa kuwa mwenye ofisi yu hai na anajua kusoma. Nitaandika kazi. Na nikiandika kazi sina budi kumwandika Mzee Trilok Bhalla, kwani tangu yeye sikupata tena kuipenda kazi hii kama nilivyoipenda kabla yake. Nasema mapema, ili anayetaka kuchekeshwa aziweke karatasi hizi chini akanywe chai.

Mie nimezaliwa Unguja, Kiponda. Majirani zetu walikuwa Wahindi, lakini wao wakisema Kikachi. Kihindi changu nilikitoa senema. Mamangu alikuwa hakosi onyesho la wanawake la mchana, na mie hakosi kunichukua, maana nikiachwa nyumbani nilikuwa navunja vitu. Huko ndiko nilikomjua Bhalla, mtunzi na mwongozaji wa picha, yaani jina lake, lililokuwa likitoka mwanzo wa picha kwa herufi kubwa nyeupe. Kina mama wakiliona tu huanza kutafuta vitambaa vya mkononi, na picha yenyewe hata haijaanza! Picha zake hazikuwa na bastola wala majambazi. Baba anakasirika, mtoto anaondoka, nyumba inabaki kimya, na kimya kile ndicho kilichokuwa kikitutoa machozi. Mabaharia wa Bombay walituambia kwamba huko kwao watu humsimamisha njiani kumshika miguu kwa heshima. Sisi tuliamini, kwa sababu angepita Kiponda tungemshika vilevile.

Tulipohamia Maskati nilisomesha skuli kidogo, nikachoka na kelele, na mwanzo wa miaka ya tisini nikasikia kuna ofisi inatafuta mtu anayejua Kihindi na Kiarabu. Ilikuwa hapohapo Wattaya mlipo nyinyi, juu ya duka la magari. Siku yangu ya kwanza nilipanda ngazi na buibui langu jipya, nikakutana na Ustadh Idris, Msudani mrefu aliyekuwa mkuu wa tafsiri. Hakunipa kalamu. Alinikalisha mbele ya mashine, akazima sauti, akanionyesha picha nzima bila ya neno moja. Ilipokwisha akaniuliza, "Nani muongo katika watu hawa?" Nikamwambia ni yule mjomba. Akauliza umejuaje, nami nikasema namna anavyokunywa maji. Akaniambia nije kesho.

Alinifundisha mambo mengi, ila niliyoyashika ni mawili. Maandishi yaingie pale mdomo unapofunguka na yatoke pale unapofungwa, wala yasiwe marefu, kwa sababu mtu kalipa kutazama picha, hakulipa kusoma gazeti. Na la pili: usimwekee mtu maneno mdomoni. Akisema upuuzi, andika upuuzi. Kwenye hili la pili alishindwa mara moja tu. Wakala mmoja wa kaseti za video alishikilia kwamba pombe isitajwe, tukawa na mlevi anayeyumba na kupiga ukuta huku maandishi yanasema amezidisha sharubati.

Fundi wa mashine alikuwa Thomas, mtu wa Kerala, kusini ya Uhindi, na huko wana lugha yao. Wateja wakija wanamsalimia kwa Kihindi na yeye anatikisa kichwa tu, maskini, hakijui hata kidogo. Mie Mmanga wa Unguja ndiye niliyekuwa nikimwambia watu wa nchi yake wanasema nini. Lakini ule mkono wake kwenye gurudumu la mashine! Ukimwambia rudisha pale anapovuta pumzi, anarudisha pale pale anapovuta pumzi. Nyinyi leo mnabonyeza kompyuta na kila kitu kinakaa sawa, na Mungu awabariki, lakini hamtajua raha ya kufanya kazi na mkono wa Thomas.

Kazi ngumu zilikuwa nyimbo. Pia wale wanaoitana kaka na dada huku wanataka kuoana, ambao Waarabu walitupigia simu kulalamika. Ila ngumu kuliko zote ilikuwa picha ya mwisho ya Bhalla, na ugumu wake niliujua nilipokuwa nimekwisha kuitafsiri.

Ilikuja katikati ya miaka ya tisini. Niliomba nipewe mie, nikaifungua kama mtu anayefungua zawadi. Lo! Kuna baba hakimu, kamfukuza bintiye kwa ndoa ambayo yeye baba hakuitaka, na picha nzima ni kumngojea arudi. Nyuso zilikuwa za Bhalla, kimya kilikuwa cha Bhalla, lakini kila yule baba akifungua mdomo hutoka mahubiri. Watoto, watiini wazee. Heshima ya nyumba. Na mwisho, binti anaporudi, baba anamwambia, "Nimekusamehe, mwanangu, ingia." Nikasema huyu siye. Tena nikaona mdomo na sauti haviendi pamoja. Nikamwita Ustadh Idris. Akatazama, akasema picha za Kihindi wanaigiza kwanza na sauti wanaingiza baadaye, kupishana ni kawaida. Nikamwambia huku si kupishana, mdomo unasema jambo jengine kabisa. Akavua miwani yake akaifuta. "Bi Zuweina, sisi tunaandika kinachosikika." Nikaandika. Picha ile ilianguka huko Bombay, na hapa kaseti zake zilikaa madukani zikipata vumbi. Mamangu alipoiona aliniambia, "Kazeeka, basi," akaomba tumwekee picha nyengine.

Ikapita miaka. Ustadh Idris akarejea kwao Sudani, mie nikakaa kwenye kiti chake. Mwanzo wa miaka ya elfu mbili, asubuhi moja, mlango ukafunguka akaingia mzee mrefu amevaa koti lisilo mikono, kwenye joto lile, na kibao cha kuandikia kwa chaki kinaning'inia shingoni kwa kamba. Nyuma yake alikuja mwanamke wa makamo, sari nzuri, uso umechoka. Mwanamke akasema yeye ni Sheela, mumewe ni mfanyabiashara, wanakaa Qurum, na huyu ni babake amekuja kuishi nao. "Anaitwa Trilok Bhalla," akasema, kama vile mie sijui.

Nilisimama nikamwamkia. Hakusikia. Sheela alinieleza kwamba babake aliugua homa kali mara tu alipomaliza kupiga ile picha ya mwisho, na homa ikaondoka na masikio yote mawili. Sauti ziliingizwa naye yuko kitandani. Picha yake mwenyewe hakupata kuisikia.

Mzee akanielekea. Alikuwa anasema kwa nguvu, kama wasemavyo viziwi. "Wewe ndiye uliyeandika maneno chini ya picha yangu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nimesoma kwa herufi hizi utotoni. Kiarabu sikijui, lakini neno moja moja nalikamata, maana mengine hata lugha yetu inayo. Mwisho pale umeandika msamaha. Baba anamsamehe binti. Mimi sikuandika hivyo."

Sheela akageuka kidogo, akaniambia kwa Kihindi, upesi upesi, "Mwambie umekosea wewe kutafsiri. Nakuomba, dada yangu. Moyo wake mgonjwa. Tumemwambia miaka yote kwamba picha imetoka kama alivyoitaka."

Mzee akacheka, kicheko kikavu. "Sheela, nimekuwa kiziwi, sikuwa kipofu. Midomo nimeisoma maisha yangu yote." Kisha akanivulia kibao akanipa. "Andika, beti." Beti kwao ni mwanangu wa kike. Mie nimepita arubaini, na neno lile likanipasua.

Nilishika ile chaki nikawaza mengi kwa muda mfupi. Kujisingizia kosa moja la tafsiri kungenigharimu nini? Lakini mtu kapanda ngazi zile na moyo wake mbovu kuja kuuliza, na wa kumjibu ni mie peke yangu. Nikaandika Kihindi kwa herufi za Kiarabu: Sikukosea. Ndivyo inavyosikika.

Akakaa kitini. Akauliza, na pale hakimu anapozungumza na mkewe? Nikaandika. Na pale bustanini? Nikaandika. Alikuwa akisoma na kufuta kwa mkono wa shati lake, mpaka mkono wote ukawa mweupe. Akauliza kama sauti ni ya yule mwigizaji wake mwenyewe, yule aliyemlea tangu kijana, au wametia ya mtu mwengine. Nikaandika: Ni yake. Hapo aliinamisha uso. Sheela alikuwa kasimama dirishani ametupa mgongo, na nilijua kuanzia saa ile hanipendi.

"Mwenye fedha za picha alinitembelea hospitali," mzee akasema mwishowe. "Akanishika mkono. Nikamuuliza kwa ishara, sawasawa? Akatikisa kichwa, sawasawa." Kisha akanyanyua uso. "Midomo bado ni yangu. Nataka nife picha yangu imesema nilichosema."

Basi ndiyo kazi tuliyoifanya. Sauti ya picha tuizime kabisa, na chini tutie maneno yake ya asili kwa herufi anazozijua, ayasome mwenyewe. Maneno yale hayakuwa yameandikwa popote, kwa sababu ya mtindo wake wa kazi. Bhalla hakuwa akiwapa waigizaji maneno kabla. Aliyaandika asubuhi ya siku yenyewe kwenye kipande cha karatasi, akiwa anakunywa chai, na jioni hukichana mbele yao, ati wasiyazoee. Watu wa Bombay waliusifu sana mtindo huo. Mie nimekaa nao mchana mmoja baada ya mwengine nikautukana, kimoyomoyo, kwa heshima. Maneno yalikuwa pahala pawili tu: kwenye midomo ya picha na kichwani mwake.

Mwenye ofisi alituruhusu mashine zile saa za mchana tunapofunga, watu wote wanapokwenda majumbani kula na kulala. Wattaya nzima inanyamaza, magari yanang'aa dukani chini, sisi watatu tuko juu na kiyoyozi kinanguruma. Thomas anazungusha gurudumu. Mzee anasogeza uso karibu na kioo, midomo yake inaanza kwenda na midomo ya yule hakimu, kisha anatamka, nami naandika. Mashine yetu ya Kiarabu haikuwa na baadhi ya herufi zao, nikawa natia iliyo karibu, na yeye anacheka, "Beti, umemfanya hakimu wangu azungumze kama mhamali wa bandarini!" Siku hizo za mwanzo zilikuwa na furaha, siwezi kukataa. Ile picha ilikuwa inatoka kaburini mbele ya macho yangu. Baba yule, kumbe, hakuhubiri hata pahala pamoja. Kila alipofungua mdomo alikuwa anajishitaki. Mkewe anamwambia binti atarudi, na yeye anajibu, "Arudi kwa nani?" Nilikuwa naandika na machozi yananitoka, Thomas ananiuliza nini, nini, anasema nini, na mie namfahamisha, na yeye anausimamisha mkono juu ya gurudumu.

Sheela ndiye aliyekuwa akimleta kwa gari na kumrudisha. Ndani hakuingia. Nilimkaribisha siku ya kwanza, akanijibu, "Kazi hii mmeitaka nyinyi." Akakaa chumba cha nje na mkoba wake mapajani, na siku zote alikaa hapo.

Joto likaingia, mzee akaanza kudhoofu. Ngazi zikawa zinamshinda, Thomas akawa anamshika kwapa. Na kichwa nacho kikaanza kupotea. Siku moja aliniita kwa jina la mkewe aliyekufa. Siku nyengine tulimaliza sehemu nzima, na kesho yake akataka tuianze, hakumbuki tumeifanya. Nikamwambia Thomas twende haraka. Nilikuwa naogopa, nasema kweli, naogopa kama mtu anayekimbizana na gari linaloondoka.

Tukafika pale mwisho. Binti yuko mlangoni na sanduku lake. Baba anatoka ndani, anamwona. Halafu anageuka, anamtupa mgongo, anaelekea ukutani, na anasema maneno yake hapo. Sisi tunaona mgongo tu na mabega yanavyoteremka. Binti analia, anaweka sanduku chini. Picha imekwisha.

Midomo haionekani.

Thomas akarudisha. Akarudisha tena. Nikaandika kwenye kibao: Anasema nini? Mzee akatazama ule mgongo, akatazama, kisha akanigeukia na uso wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Sikumbuki," akasema kwa sauti ya chini.

Alikuja siku kadhaa kwa ajili ya pale tu. Alijaribu kila njia. Alikwenda akasimama ukutani mwa chumba chetu, akatupa mgongo, akayateremsha mabega kama yule hakimu, akafungua mdomo. Halikutoka neno. Akaufunga, akafungua tena. Mie na Thomas tuliinamisha macho, kwani haikuwa vizuri kumtazama. Nikamwandikia sentensi moja niliyoitunga, nzuri, nilidhani inafaa. Akaisoma, akaifuta taratibu.

"Nzuri. Lakini si ya hakimu wangu. Nilifanyiwa mimi hivyo, beti. Mimi sitamfanyia yeye."

Nikaandika: Basi tuache patupu?

"Acha patupu," akasema, akaomba apelekwe nyumbani. Mlangoni aligeuka akaniambia, kwa sauti ndogo ambayo sijui kama alijua ni ndogo, "Lilikuwa ndilo neno lenyewe. Picha yote niliipiga kwa ajili ya neno lile." Sheela alisimama, akampokea mkono, akanitazama usoni, wakateremka.

Thomas alimtolea kanda yake, tukaipeleka Qurum. Hakuja tena. Alifariki baridi ilipoanza, nyumbani, usingizini, na magazeti ya kwao yalimwandika vizuri sana, yakasema picha yake ya mwisho ilikuwa ya bahati mbaya.

Siku zao za msiba zilipokwisha simu ikalia ofisini. Alikuwa Sheela.

"Kanda yenu ina kasoro," akaniambia. "Nimeitazama jana, mara ya kwanza. Mwishoni, pale ukutani, maandishi hayatoki."

"Haina kasoro. Tuliacha patupu. Babako hakukumbuka maneno yake."

"Maneno gani?"

"Hayo anayoyasema ametupa mgongo. Alijaribu siku nyingi, dada yangu. Hayakumjia."

Nikasikia akivuta kiti akikaa. Kisha akasema, "Mimi nilikuwepo."

"Wapi?"

"Siku waliyopiga pale. Nilikuwa nimeondoka Maskati kwenda kumwona, mara ya kwanza tangu niolewe bila ya ridhaa yake. Sikumwambia kama nakuja. Nilisimama kando ya ule ukuta anaouelekea, nyuma ya mataa. Mwigizaji alikuwa hawezi kuyasema vizuri, baba akenda akasimama pahala pake kumwonyesha. Akaniona. Akayasema akinitazama mimi."

Nikamuuliza alisema nini.

"'Hukuondoka wewe. Niliondoka mimi.'"

"Sheela, mbona hukutwambia? Ulikuwa hapo nje, ukuta mmoja tu baina yetu!"

"Nilijua mmefika pale. Nilimsikia Thomas anarudisha na kurudisha. Niliogopa kuingia nikalia mbele yenu. Wala mimi sikudhani amesahau. Alipotoka siku ile uso wake ulivyokuwa, nilidhani ameyasoma kwenye kioo chenu."

Nikamwambia alete kanda, leo leo, Thomas yupo, ni kazi ya muda mfupi tu, tutayaandika pale pale yanapotakiwa.

"Atasoma nani?" akasema, akaweka simu.